Mtoto Ameumia Goti: Lipi la Kungoja na Lipi Halingoji

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha ushuke polepole.)

Popote ulipo, iwe Mwingi mjini, Migwani, Kyuso, Nguni, Nuu, au hata kule Makueni kwa majirani zetu, sogea karibu na redio. Kama una kazi mikononi, endelea kuchagua ndengu zako huku ukisikiliza.

Leo tutazungumza kuhusu goti. Huenda ukasema, "Goti nalo? Mtoto huanguka kila siku, akainuka akaendelea kucheza." Ni kweli, magoti mengi hupona yenyewe. Lakini sikiliza mfano huu.

Mvulana wa miaka kumi na miwili anacheza mpira jioni. Anakanyaga shimo, mguu unabaki pale pale, mwili unageuka. Anasikia kitu kikilia ndani ya goti, "ta!" Wenzake wanamleta nyumbani wakimshika mabega. Kufikia wakati wa chakula cha usiku, goti limevimba kama boga dogo. Maji yanachemshwa. Susu anamkanda kwa kitambaa cha moto na mafuta. Mtoto analia, naye anaambiwa avumilie ili damu mbaya isambae. Siku ya tatu anatumwa maji kwa punda. Wiki ya tatu bado anachechemea, na ndipo anapelekwa hospitali. Picha ya eksirei inaonyesha kwamba mfupa ulikuwa umepasuka tangu siku ya kwanza.

Mama yangu, katika nyumba ile hakuna aliyekosa upendo. Susu hakulala usiku ule. Walichokosa ni kujua goti lipi ni la kungoja na lipi halingoji. Hilo ndilo tutakalojifunza leo.

Kwanza tulielewe goti lenyewe. Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa mkubwa wa mguu wa chini. Mbele yake kuna mfupa mdogo wa mviringo unaolinda goti, tunaouita pia ya goti. Mifupa hii haisuguani mikavu. Ncha zake zimefunikwa na gegedu, ule utando mweupe unaoteleza ambao umeuona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kati ya mifupa kuna vipande viwili vingine vya gegedu vilivyokaa kama kata ya kubebea mzigo. Kisha kuna ute kidogo wa kulainisha.

Ni nini basi kinachoshikilia vitu hivi pamoja? Ni kano. Kano ni kama katani unayosukia kiondo. Ukiivuta moja kwa moja, ina nguvu sana. Lakini ikipindwa kwa ghafla huku imebeba uzito, nyuzi zake hukatika, moja moja au zote kwa pamoja. Ndiyo maana goti huumia zaidi mtu anapogeuka mguu ukiwa umekwama, kuliko anapotembea tu.

Kwa watoto kuna jambo moja zaidi la kukumbuka. Karibu na ncha za mifupa yao kuna sehemu laini ambapo mfupa hukua. Mtoto akianguka vibaya, mara nyingine kano hubaki nzima lakini ile sehemu laini ikavunjika. Isipotunzwa vizuri, mguu mmoja waweza kukua ukiwa mfupi au umepinda. Kwa hiyo usiseme, "Huyu ni mtoto, mifupa yake itajiunga yenyewe." Itajiunga, ndiyo, lakini itajiunga vipi?

Sasa mtoto ameletwa nyumbani akilia. Ufanye nini?

Jambo la kwanza, mtulize, umkalishe na umtazame. Linganisha goti lililoumia na lile zima. Je, limepinda au limekaa mahali pasipo pake? Je, kuna kidonda? Gusa vidole vya mguu. Je, vina joto kama vya mguu wa pili? Mwambie avichezeshe. Muulize kama anahisi ukimgusa.

Ikiwa goti halikupinda na hana maumivu makali sana, mwombe ajaribu mambo mawili, bila kumlazimisha. Asimame atembee hatua nne, hata kama anachechemea. Kisha akae na kukunja goti mpaka lifanye pembe kama ya kiti. Mambo haya mawili ni sehemu ya kanuni iliyotungwa na madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, katika miaka ya 1990, na baadaye ikajaribiwa kwa watoto pia. Huwasaidia wahudumu wa afya kuamua ni nani apigwe picha ya mfupa. Mtoto asiyeweza kutembea hatua nne, au asiyeweza kukunja goti kiasi hicho, apelekwe hospitali. Vilevile apelekwe ukibonyeza pia ya goti au kile kifupa cha upande wa nje chini ya goti naye akaruka kwa maumivu.

Akiweza yote hayo, na uvimbe ni mdogo, unaweza kumtunza nyumbani. Fanya mambo manne.

Moja, apumzike. Asitumwe maji, asichunge mbuzi, asicheze mpira kwa siku mbili au tatu.

Mbili, mpoze. Huhitaji barafu. Chovya kitambaa katika maji baridi ya mtungi wa udongo, ukamue, uweke juu ya goti kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu wakati wa mchana, kwa siku mbili za kwanza. Ukipata barafu, ifunge kwa kitambaa kwanza, usiiweke juu ya ngozi.

Tatu, lifunge. Tumia bendeji au kipande kipana cha leso safi. Funga kwa wastani. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, umekaza mno. Fungua mara moja.

Nne, uinue mguu juu ya mto au blanketi lililokunjwa, uwe juu kuliko kifua akiwa amelala.

Kwa maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na umri na uzito wake, kama kilivyoandikwa kwenye chupa au pakiti. Usimpe mtoto dawa yenye aspirini. Uliza dukani kabla ya kununua, kwa maana dawa nyingi za maumivu zina aspirini ndani yake.

(Muziki kwa muda mfupi.)

Tumerudi. Kabla ya muziki nilitaja maji baridi, na najua kuna mama anayejiuliza, "Mbona sisi tumezoea maji moto na kukanda?"

Nitakujibu. Goti linapoumia, mishipa midogo ya damu ndani yake hupasuka. Joto huifungua zaidi, na damu ikazidi kumwagika ndani ya goti. Kukanda nako huzipasua nyuzi zilizokuwa zimebaki, na kama kuna mfupa uliopasuka, mikono inausogeza. Kwa hiyo katika siku mbili za kwanza, usikande, usitie maji moto, usivute mguu "urudi mahali pake". Tunawaheshimu wazee wetu wanaokanda, na wametuliza migongo mingi. Lakini goti jipya lililovimba halihitaji mikono. Lihitaji kutulia. Ukiwa na susu nyumbani, mwambie kwa heshima, "Susu, tungoje kwanza daktari alitazame." Yeye pia anampenda mjukuu wake.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Goti lipi halingoji? Nitayagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kukimbia sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kimbia ikiwa goti au mguu umepinda vibaya, au mfupa unaonekana. Kimbia ikiwa mguu chini ya goti umekuwa baridi, umepauka au umekufa ganzi. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Goti likiteguka kabisa, kwa mfano katika ajali ya pikipiki kwenye ile barabara ya kwenda Garissa, mshipa huo waweza kukatika au kuziba. Hapo mguu una saa chache tu, kama sita hivi, kabla nyama yake haijaanza kufa. Ukifikiria umbali wa kutoka Tseikuru au Nguni, utaona kwamba hakuna saa ya kupoteza ukitafuta mtu wa kukanda.

Kimbia pia ikiwa kuna kidonda kirefu juu ya goti, au kitu chenye ncha kimechoma ndani. Na kimbia ikiwa mtoto ana homa, goti limevimba, lina moto ukiligusa, naye hataki kabisa liguswe wala kusogezwa. Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo linalotudanganya sana. Vijidudu vyaweza kuingia katika goti kupitia damu, hata bila jeraha lolote. Kwa kuwa watoto huanguka kila siku, sisi husema, "Alianguka juzi, ndiyo sababu." Kumbe ndani mnajaa usaha. Usaha huo huharibu ile gegedu laini kwa siku chache tu, na gegedu ikiliwa haioti tena. Mtoto mdogo hawezi kukueleza. Utaona tu kwamba jana alitembea na leo anakataa kusimama, analia ukimbadilisha nguo, na mwili una joto. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Tiba yake ni kusafishwa goti na kupewa dawa za kuua vijidudu hospitalini. Tembe mbili za dukani hazitoshi.

Fungu la pili ni la kwenda siku hiyo, au asubuhi yake kukipambazuka. Ni mtoto asiyeweza kutembea hatua nne au kukunja goti, kama tulivyosema. Ni yule aliyesikia mlio ndani ya goti. Ni yule ambaye goti lake lilivimba sana ndani ya saa chache. Zingatia saa, mama. Uvimbe unaokuja upesi mara nyingi ni damu, maana yake kano imekatika au mfupa umepasuka. Uvimbe mdogo unaokuja polepole kesho yake mara nyingi ni jeraha dogo zaidi. Ni pia yule ambaye goti lake limekwama, halinyooki wala halikunjiki zaidi.

Fungu la tatu ni la kwenda wiki hii, usiache likawa la mwaka. Ni goti lililotunzwa nyumbani kwa siku tatu bila nafuu, au ambalo halijapona baada ya wiki mbili. Ni goti linalomwachia mtoto akitembea, akahisi kama linataka kumwangusha. Ni maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, au uvimbe mgumu juu au chini ya goti unaozidi kukua. Mara chache, kwa vijana wanaokua, uvimbe wa namna hiyo ni saratani ya mfupa, na hupenda sana kuanzia karibu na goti. Sikusemi hivi ili usikose usingizi. Nasema kwa sababu ikigunduliwa mapema hutibiwa vizuri zaidi, nayo ikikandwa kwa miezi hukua.

Na kuna fumbo moja. Wakati mwingine mtoto husema goti linauma, kumbe mwenye kuugua ni nyonga. Ukiona anachechemea na goti halina kitu, mwambie mhudumu amtazame nyonga pia.

Hapa kwetu kuna jeraha jingine ambalo vitabu vya mbali hulitaja kidogo, lakini kila mchunga mbuzi analijua. Ni mwiba. Mtoto anapiga goti kichakani, mwiba wa mgunga unaingia, anauvuta, anaendelea. Tundu linaziba. Baada ya wiki mbili au hata miezi, goti linaanza kuvimba na kukakamaa. Ncha ya mwiba ilibaki ndani! Eksirei ya kawaida huwa haionyeshi mwiba, kwa kuwa mwiba ni mti, si chuma wala mfupa. Kwa hiyo usipomwambia daktari habari ya mwiba, huenda asiutafute. Mtoto akichomwa na mwiba gotini, osha kwa maji safi na sabuni, usipake majivu, udongo wala samadi, na umpeleke kituo cha afya akatazamwe na kuangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Sasa, safari. Kama unashuku mfupa umevunjika, usiunyooshe. Uache ulivyo, weka nguo laini pande zote, kisha funga vijiti viwili vilivyonyooka kutoka pajani hadi kwenye kifundo. Ukikosa vijiti, funga mguu mbovu pamoja na mzima. Pikipiki si chombo cha mguu kama huo. Mguu unaning'inia, na kila shimo la barabara linausogeza mfupa. Tafuta gari. Mpigie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, yeye anajua njia ya kuomba ambulansi. Na ikiwa hali ni mbaya, usimpe mtoto chakula njiani, kwa maana huenda akahitaji kulazwa usingizi ili atibiwe.

Umpeleke wapi? Kwa jeraha dogo, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa kuanzia. Kwa mambo ya fungu la kwanza na la pili, lenga hospitali. Kwetu ni Mwingi Level 4, na wanaohitaji zaidi hutumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui. Walio Makueni wana hospitali yao ya rufaa pale Wote.

Na gharama je? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua mahali pa NHIF. Jisajili wewe na watoto wako mapema, kabla hajaumia mtu. Unaweza kupiga *147# kwenye simu yako, au mhudumu wa afya ya jamii akakusaidia. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Kwa hospitali kubwa, inatakiwa uwe pia umelipa mchango wako.

Ukifika kwa daktari, sema yote. Aliumia lini, vipi, alisikia mlio au la, goti lilivimba baada ya muda gani, aliweza kutembea au hakuweza. Kama lilikandwa au lilipakwa dawa ya miti, sema pia. Usiogope kukaripiwa. Daktari hawezi kutibu asichokijua.

Baada ya matibabu, mtoto atahitaji muda. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, aliumia goti mwaka 2017 akichezea Tottenham kule Uingereza, akakaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa, ingawa alikuwa na madaktari wa kila aina. Basi kwa nini wetu atumwe mtoni siku ya tatu? Ongea na mwalimu wake, asishirikishwe michezo mpaka daktari aruhusu. Na mwalimu asimpigishe magoti kwenye kokoto kama adhabu. Adhabu ya kuumiza mwili ilipigwa marufuku katika shule za Kenya na sheria ya elimu ya mwaka 2013, na goti bovu halina haja nayo hata kidogo.

Akianza kupata nafuu, afanye zoezi hili. Alale chali, akunje mguu mzima, anyooshe ule ulioumia, akaze paja, auinue kiasi cha shubiri moja na nusu, ahesabu hadi tano, aushushe taratibu. Mara kumi, asubuhi na jioni. Paja lenye nguvu ndilo mlinzi wa goti. Likimletea maumivu, aache na aulize hospitalini.

Nawe mama, ambaye magoti yako yanalia ukipanda kutoka mtoni, zoezi hilo ni lako pia. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, na magoti ndiyo yanayozibeba. Ukiweza, tumia punda au mkokoteni, au ubebe lita kumi mara mbili. Usikubali kuchomwa sindano ya goti dukani na mtu usiyejua amesomea nini. Goti lako likivimba au likikuamsha usiku, fungu la tatu linakuhusu wewe pia.

Tumalizie kwa kukumbushana. Goti linaloweza kutembea hatua nne na kukunjika, lisilo na uvimbe mkubwa wala homa, litunze nyumbani kwa kupumzika, maji baridi, bendeji na kuinua mguu. Goti lisiloweza hayo, au lililovimba upesi, lipeleke hospitali. Goti lenye homa na moto, au mguu uliokuwa baridi, usingoje jua lichomoze. Na goti jipya, usilikande.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie jirani ambaye hakusikia kipindi hiki. Huenda leo jioni mtoto wake ndiye atakayeletwa nyumbani akishikwa mabega.



(Muziki wa kufunga kipindi.)